Mashine ya Kuishika Sauti ya Zita

Jumapili, 5 Februari 2006. Mbulu mjini.

Daftari hili nililinunua la kuandikia rasimu za barua zangu za magazetini. Nabadilisha kazi yake. Daktari ametoa tarehe.

Mke wangu Zita ana rovu shingoni tangu usichana, kama wanawake wengi wa milima hii. Lilikuwa dogo, la kufichwa na kitambaa. Sasa limekuwa kama ngumi ya mwanamume na linasukuma koo. Tangu Krismasi analala ameketi. Watakata Jumanne ya tarehe 25 Aprili. Daktari, kijana mpole, alimwonyesha kwa kidole kwenye shingo yake mwenyewe: neva ya sauti inapita nyuma ya uvimbe, nao uvimbe ni mkubwa, watajitahidi kuikwepa, hawezi kuahidi. Kisha akasema, "Mama, nasikia unaimba. Basi imba kabla hujaja."

Zita alilelewa Mogitu na bibi yake, mwanamke aliyesaga mahindi na mtama kwa jiwe mpaka kufa kwake, ingawa mashine ya kusaga ilikuwa imeshafika njia panda. Bibi alisaga akiimba na mjukuu alisaga akiitikia. Nyimbo thelathini na nne. Nimezihesabu. Benedikta, mdogo wake, alilelewa na mama yao huku mjini na anajua viitikio vitatu tu. Nyimbo nzima ziko kwenye koo moja, na koo hilo lina tarehe.

Kwa hiyo nitanunua kompyuta ya mezani. Nina kamera ya dijitali niliyoletewa na binti yetu Jenifa, na picha mia sita zimejaa humo bila pa kwenda. Nataka mashine moja itakayobeba picha na nyimbo, ya kudumu, si takataka. Mimi Patriki Margwe, niliyefundisha historia miaka ishirini na miwili na kustaafishwa mapema kwa ajili ya mdomo wangu, nimesoma vya kutosha kujua kwamba watu wasiojirekodi hurekodiwa na wengine, vibaya.

Majuma kumi na moja yanatosha.

Jumatano, 8 Februari.

Nimekwenda na Zita kwa Theodory, fundi wa kompyuta aliye karibu na soko. Kijana wa miaka thelathini, anaishi chumba cha nyuma na mkewe Judica, mjamzito. Chumba cha mbele kimejaa masipiyu, yale maboksi yenye ubongo wa mashine, yamepangana mpaka darini kama mizinga ya nyuki.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya yote yametoka wapi?"

"Ulaya, Mwalimu. Ofisi zao zikibadilisha, sisi tunapokea."

"Tunapokea! Hata jalala linapokea."

Alicheka, akachagua moja la kijivu, kubwa, lenye kibandiko cha benki fulani kilichobanduliwa nusu. Akasema lina nguvu ya kutosha, diski ina nafasi, kadi ya sauti si mbaya, na maiki anayo. "Chukua hii, Mwalimu. Kesho mama anaimba."

Nikamwambia sinunui bila kupima. Akaunganisha maiki, akampa Zita kiti. Zita alishika kitambaa chake shingoni, akatazama ukuta, akaanza ule wimbo wa jiwe, ambao mwanzo wake una maana hii: *Jiwe la bibi, usinimalize kabla ya unga.* Hakumaliza mstari wa pili. Nilikuwa nimevaa spika za masikioni, na nilichosikia chini ya sauti yake ni feni. Vuuu, kama nzi kwenye chupa. Nikainua mkono nikamwambia basi, inatosha.

"Feni inaweza kutulizwa, Mwalimu," Theodory alisema. "Tunaweka maiki mbali, tunafunika boksi na blanketi."

"Blanketi! Nyimbo za miaka mia mbili nizirekodi chini ya blanketi kama mwizi wa kuku?"

Njiani Zita aliniuliza, "Kwani wewe ulikuwa unamsikiliza nani, mimi au feni?"

Alhamisi, 9 Februari.

Hakuna umeme tangu asubuhi. Mgao.

Jumanne, 14 Februari.

Nimerudi jana kutoka Arusha. Siku mbili, maduka tisa. Ninaandika haya nikiwa na hasira.

Enzi za duka la ushirika kulikuwa na sabuni ya aina moja, na siku nyingi hata hiyo haikuwepo. Tulilalamika, mimi wa kwanza. Wakatuletea soko huria, wakatuambia: sasa mmekuwa watu, mtachagua. Haya, nimekwenda kuchagua. Duka la kwanza linauza mashine mpya ambayo boksi lake ni jipya na matumbo ni ya zamani. La pili muuzaji ananiambia monita hii "ina rangi zote", nami namuuliza imepimwa kwa kifaa gani, ananiambia kwa macho. La tatu wana kadi nzuri ya sauti lakini hawajui inafanya nini. Wameipanga karibu na pasi za umeme. Kila muuzaji anakuita bosi, na hakuna aliyefundishwa bidhaa yake. Huu ndio uhuru tuliopewa, kudanganywa na watu tisa badala ya mmoja.

Lakini nimejifunza. Kwa picha nahitaji monita isiyodanganya rangi na memori nyingi. Kwa nyimbo nahitaji kadi ya sauti ya nje, isiyoingiliwa na kelele za boksi, pamoja na feni kubwa inayozunguka polepole. Nimeandika kurasa nne. Barua kwa mhariri, kurasa tatu zaidi.

Zita alisoma zile nne. Akauliza, "Ile ya Theodory ya kijivu bado ipo?"

Nikamwambia hatujadili tena ile.

Jumatatu, 20 Februari.

Benedikta amekuja na maziwa. Ana ulimi, shemeji yangu huyu, na ndiye mtu pekee mtaani anayebishana nami bila kwanza kuomba radhi.

"Shemeji, kwaya ina redio kaseti yenye kurekodi. Niiazime kwa mwenyekiti? Dada aimbe Jumamosi, yaishe."

Nikamweleza. Kaseti huvuma kama mvua. Kaseti huvutika na kukatika. Sauti iliyoingia kwenye kaseti mbovu haitoki tena safi.

"Basi iwe chafu lakini iwepo."

"Mawazo hayo ndiyo yaliyotufikisha tulipo. Kitu cha mtu maskini lazima kiwe kibovu?"

"Mimi sikusema maskini. Nimesema Jumamosi."

Aliondoka na kibuyu chake. Mtu mwema, asiye na upeo.

Jumatano, 1 Machi. Jumatano ya Majivu.

Mvua ya kwanza ya maana. Mbuga zote za Hanang zilikuwa zimeungua. Ng'ombe wa wafugaji wamekufa hadi fisi wamechoka kula. Leo watu walitoka kanisani na majivu usoni, yakatiririka kwa mvua mpaka mashavuni, na hakuna aliyejifuta.

Nimekubaliana na Theodory. Ataniundia mashine kwa orodha yangu, kipande kwa kipande, vipande vikitoka Arusha kwa basi. Alisoma kurasa zangu nne zote akiwa amesimama. "Mwalimu, hii itakuwa nzuri kuliko ya mtu yeyote Mbulu." Nilifurahi. Kisha akaongeza, "Ila ile ya kijivu ningekuachia bure kwa sasa, mama aanze." Nikakataa. Sitaki zawadi za huruma.

Jumatatu, 6 Machi.

Mgao saa kumi na mbili kwa siku. Nimeandika barua.

Jumapili, 12 Machi.

Baada ya misa Zita alitoa jiwe la bibi uani, akaloweka mtama kidogo akasaga, kwa kujifurahisha. Aliimba pia. Nilipiga picha sabini na mbili. Mwanga baada ya mvua ni mzuri sana huku juu; kila tone kwenye mgomba linaonekana. Katika picha kumi hivi kinywa kiko wazi kabisa na mishipa imesimama pembeni mwa uvimbe. Hizo ndizo bora.

Aliimba nyimbo sita au saba. Sikuandika zipi. Nilikuwa nashughulika na mwanga.

Jumatatu, 20 Machi.

Kadi ya sauti imefika. Si ile niliyoagiza. Theodory anasema tofauti yao ni ndogo sana, sikio la kawaida halisikii. Nimemwambia sikio langu si la kawaida, airudishe. Basi la kuirudisha limekwama kwenye matope barabara ya Karatu tangu jana.

Jumamosi, 25 Machi.

Mwezi mmoja kamili umebaki. Zita alitundika kalenda ya parokia juu ya meza ya chakula, mahali ambapo nitaitazama kila nikila.

Jumatano, 29 Machi.

Kadi sahihi imefika. Monita imefika. Nimekwenda kuona. Theodory ameweka kila kitu kwenye meza safi, amefunga nyaya kwa uzi mweupe, kwa unadhifu wa muuguzi. Alipowasha, sikusikia chochote. Nikaweka sikio kwenye boksi, na hata hapo ilikuwa pumzi tu. Nikafungua picha ya Zita kwenye jiwe, na nyekundu ya kitambaa chake ilikuwa ile nyekundu yenyewe.

Nimemkosea huyu kijana kumwita jalala. Anajua kazi yake, na anaipenda.

Alisema anahitaji siku nne za kuweka programu na kuijaribu, mgao ukiruhusu. Jumatatu nitaichukua. Ile ya kijivu imeuzwa kwa mtu wa stesheneri Dongobesh.

Jumapili, 2 Aprili.

Judica amejifungua mtoto aliyekufa. Asubuhi, kabla ya misa ya kwanza.

Jumatatu, 3 Aprili.

Nyumba ya Theodory imeingia metimani.

Lazima niandike jambo hili ni nini, kwa ajili ya wajukuu wangu watakaosoma, maana natumaini wao hawatalijua. Kwetu Wairaqw, kifo cha namna hiyo huitia nyumba kivuli. Watu wake hujitenga. Hawaingii kwa mtu na mtu haingii kwao. Hawaazimi moto wala kuazimwa ndoo. Ng'ombe wao hawanywi pamoja na wa wengine. Kitu cha nyumba ile hakitoki mpaka siku wazee watakapowatoa. Zamani ilikuwa mwaka. Siku hizi, kanisa likisukuma, ni majuma kadhaa. Nimeandika dhidi ya desturi hii mara tatu magazetini. Niliiita adhabu kwa mama aliyekwisha kuadhibiwa. Sijabadili neno.

Kompyuta imo ndani.

Jumanne, 4 Aprili.

Nimesimama njiani nikaongea na Theodory yeye akiwa mlangoni. Hatua kumi na tano kati yetu. Amekonda kwa siku mbili.

"Pole sana, Theodory."

"Asante, Mwalimu. Mashine iko tayari. Nilimaliza Jumamosi."

"Basi nipe."

"Mwalimu, tuko ndani."

"Wewe umesoma. Una cheti cha ufundi ukutani. Unaamini kivuli kinaingia kwenye waya?"

Aligeuka akatazama ndani. Kisha akasema, "Mimi sijui ninaamini nini. Judica anaamini. Akisikia kitu kimetoka humu kikaenda kuleta msiba kwingine, atasema ni yeye."

Nikarudi nyumbani.

Jumamosi, 8 Aprili.

Nimeichukua.

Tangu Jumanne nilikuwa nikibishana na ukuta. Siku kumi na saba zimebaki. Mama mmoja ananyimwa faraja kwa desturi, na sasa mama mwingine ananyimwa sauti kwa desturi hiyohiyo. Nani ataivunja kama si mtu aliyeiandikia mara tatu? Nilijiambia hivi tangu nyumbani mpaka sokoni. Nilikodi mkokoteni, mwenye mkokoteni aliposikia tunakokwenda aliushusha, akaniachia niusukume mwenyewe.

Theodory alifungua mlango. Hakunizuia. Alisema tu, "Mwalimu, nakuomba." Nikapita. Judica alikuwa ameketi kwenye godoro ameelekea ukutani, na hakugeuka. Nilimwambia pole kwa sauti kubwa mno. Nikabeba monita, nikarudi nikabeba boksi, nikarudi nikabeba waya na maiki. Mara tatu nilipita mgongo ule. Theodory alinifungulia mlango kila mara, kwa sababu mimi ni mkubwa wake, na mdogo hamzuii mkubwa. Nililijua hilo nilipokuwa nakwenda.

Soko zima lilitazama mkokoteni. Hakuna aliyenisalimu. Nilijisikia shujaa.

Jumapili, 9 Aprili. Jumapili ya Matawi.

Jana niliiweka mezani sebuleni, nikaiunganisha. Umeme ulikuwepo. Zita alirudi kutoka kukama, akasimama kizingitini na ndoo.

"Hiyo imetoka kwa Theodory."

"Imefika hatimaye! Kaa, mama Jenifa. Tuanze na ule wa jiwe."

"Wametolewa lini?"

"Hawajatolewa. Nimeitoa mimi."

Aliweka ndoo chini nje ya mlango, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Uliingia ndani?"

"Niliingia."

"Judica alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu."

"Ukampita mtoto wa watu na msiba wake, ukabeba redio."

"Siyo redio! Ni..."

"Najua ni nini. Nimeila kwa miezi miwili, asubuhi na jioni." Hakupandisha sauti. Hana pumzi ya kupandisha. "Baba Jenifa, nakwenda kufunguliwa shingo kwa kisu. Unataka niende nikiwa nimeimba nyimbo za bibi yangu mbele ya kitu kilichotolewa metimani kwa nguvu?"

Nikaanza. Nilizungumza, nadhani, saa nzima. Nilieleza historia ya desturi ile, na hofu za watu wasio na dawa, na sayansi. Nilimwambia yeye ni Mkristo. Akasema ndiyo. Nilimwambia mimi ndiye ninayempigania. Akasema, "Hujaniuliza hata siku moja nataka kuimbia wapi." Nilimwambia huu ni ujinga.

Akachukua ndoo yake akaenda kulala jikoni, chumba cha nje, ameketi akiegemea ukuta. Leo asubuhi nilikwenda misani peke yangu. Benchi lilibaki wazi kushoto na kulia kwangu, ingawa kanisa lilijaa watu na matawi yao.

Jumanne, 11 Aprili.

Jirani amehamisha ng'ombe wake, hanyweshei tena kwenye birika letu. Hakuna ugomvi, amewahamisha tu.

Nilikuwa nikisema watu hawa wanaogopa kivuli. Sasa naona wana adabu zaidi yangu. Hawanitukani. Wananiacha ndani, kama inavyotakiwa kwa nyumba iliyoingiwa.

Jumatano, 12 Aprili.

Mashine inafanya kazi vizuri sana. Nimepanga picha zote kwa tarehe.

Ijumaa, 14 Aprili. Ijumaa Kuu.

Nilimfuata Benedikta baada ya Njia ya Msalaba. Nilisimama mbali naye bila kuambiwa.

"Shemeji. Ile redio kaseti ya kwaya."

"Sasa unaitaka?"

"Ivume. Ikatike. Iwepo tu."

"Shemeji yangu, Februari ningekuletea mkononi. Leo nani ataazima kitu kiingie kwenye nyumba yako? Mwenyekiti wa kwaya? Ana mjamzito ndani."

"Basi Zita atoke, aimbie kwako."

"Naye yuko ndani, kwa ajili yako. Haingii kwa mtu. Nimemwomba, mimi mwenyewe. Amesema hatanichafulia watoto." Akaanza kulia kwa hasira. "Wewe una maneno ya kila mtu. Mtafutie na huyu maneno."

Nilikwenda maduka yote matatu ya redio mjini. Yamefungwa kwa Ijumaa Kuu. Yatafunguliwa kesho, na nitanunua yoyote.

Jumamosi, 15 Aprili.

Nimenunua redio kaseti mpya, ya Kichina, nyepesi kama boksi la viatu. Nilimpelekea Zita jikoni. Aliigusa. Akauliza, "Imepita wapi?" Nikasema imetoka dukani moja kwa moja. Akasema, "Na mkono ulioibeba?"

Niliketi chini karibu na jiko. Nikamwambia, basi imba tu. Bila kitu. Niimbie mimi, nitajitahidi kukariri.

"Nikuimbie wewe?" Alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita. "Utanikatiza."

Jumatatu, 17 Aprili.

Nilikwenda kwa mzee Sulle, ambaye ndiye hutoa watu metimani upande wetu, na ambaye nilimtaja kwa jina kwenye barua ya mwaka 2003. Nilimwomba atutoe kabla ya Ijumaa, siku ya kusafiri kwenda hospitali. Alinisikiliza kutoka nje ya uzio wake. Akasema haiwezekani kututoa sisi kabla ya Theodory, kwa sababu kivuli ni cha kwao. Na Judica bado, mwili wake bado. Hakufurahia kunikatalia. Afadhali angefurahia. Ningejua la kuandika.

Ijumaa, 21 Aprili.

Tumesafiri leo. Sasa tuko kwenye nyumba ya wageni ya hospitali.

Alfajiri niliamka nikamkuta hayupo jikoni. Alikuwa zizini anakama. Mvua nyepesi, ukungu umekaa juu ya nyasi. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe wake, yule mwekundu, na alikuwa anaimba. Taratibu, akisimama kila mistari miwili kuvuta pumzi. Ng'ombe ni wa nyumba. Wako ndani pamoja nasi. Hawachafuki zaidi.

Nilikuwa na kamera shingoni, kwa mazoea. Redio kaseti ilikuwa sebuleni, hatua thelathini. Kama ningekwenda, angesikia mlango. Kama angesikia mlango, angenyamaza. Nilisimama nyuma ya ukuta wa miti, nikasikiliza. Aliimba tano, labda sita. Nilijaribu kukariri, na kila wimbo uliofuata ulifuta uliotangulia. Nimezoea kukariri hoja. Sikuwahi kujifunza kukariri sauti.

Sikupiga picha.

Jumanne, 25 Aprili.

Ameingia saa mbili. Ametoka saa saba. Yuko hai.

Jumatano, 3 Mei.

Uvimbe ulikuwa umeikumbatia neva kama mzizi unavyokumbatia jiwe. Daktari alitufafanulia yote. Hakuficha kitu na hakukosea kitu. Kama wangeuacha ungemziba pumzi kabla ya mavuno. Analala chali sasa, kama mtoto, mara ya kwanza tangu Krismasi.

Sauti iliyobaki ni hewa. Maneno yanasikika ukiwa karibu. Tuni haipo. Amejaribu mara moja, wodini, alipodhani nimelala kwenye kiti. Ikatoka kama mtu anayepuliza moto.

Nimekuwa nikitafuta wa kumlaumu. Nilianza na wauzaji wa Arusha, nikaja kwa shirika la umeme, barabara, wazee, kanisa. Nina hoja nzuri dhidi ya kila mmoja wao, na zote ni za kweli. Lakini kila hoja ikiisha namkuta mzee mwenye spika masikioni, ameinua mkono.

Jumamosi, 20 Mei.

Leo tumetolewa, nyumba mbili pamoja, uani kwa Theodory. Mzee Sulle alinyunyiza maji na asali, mlangoni, kwenye ng'ombe, kwenye vichwa vyetu. Sikuzungumza. Judica alikuwa amesimama mbele yangu. Ilipokwisha nilimwambia, "Judica, siku ile nilikupita mara tatu." Akajibu, "Nilizihesabu, Mwalimu," akainama akasema shikamoo.

Bado sijaamini kivuli. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jirani alirudisha ng'ombe wake kwenye birika jioni hiyohiyo.

Jumapili, 28 Mei.

Theodory alikuja mchana na sidii moja ndani ya bahasha. Alisema alipokuwa anaisafisha ile mashine ya kijivu kabla ya kuiuza, alikuta faili. Hakuifuta. Aliihifadhi ili anipe pamoja na mashine mpya, kisha msiba ukaingia, akasubiri mpaka vitu vyake viruhusiwe kutoka.

Tukaiweka kwenye mashine yangu. Sekunde kumi na moja.

Kwanza feni, vuuu. Mashine yangu haina kelele yoyote, ndiyo maana feni ile inasikika kikamilifu, kila mzunguko. Halafu Zita. *Jiwe la bibi, usinimalize kabla ya unga.* Anavuta pumzi, anaanza mstari wa pili, maneno matatu. Halafu mtu mwingine, karibu sana na maiki, kwa sauti nene yenye haraka: "Basi, inatosha."

Theodory alitazama viatu vyake. Akasema anaweza kuikata ile sauti ya mwisho, ni kazi ya dakika moja. Nikamwambia aiache.

Sikujua kwamba Zita alikuwa mlangoni. Aliingia, akavuta kiti, akaketi mbele ya monita kama alivyoketi siku ile. Akaonyesha kwa kidole: tena. Nikabonyeza. Midomo yake ilifuata mstari wa kwanza, ikafuata maneno yale matatu. Humo kwenye sidii nikasema basi, inatosha. Na yeye akaendelea. Hakuna kilichotoka ila hewa, lakini midomo ilikwenda, mkono wake wa kulia ukisukuma na kuvuta juu ya goti kama ulioshika jiwe, mstari wa tatu, wa nne, kiitikio, na kingine, huku mvua ikianza na kukoma kwenye bati, Theodory akiwa amesimama na bahasha yake tupu.

Sikujua kwamba wimbo ule ulikuwa mrefu kiasi kile.